Kujua Njia Ugenini: Shauri kwa Mwanafunzi Aendaye Louvain-la-Neuve

Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapokaribia, nyumba kadhaa katika nchi zetu za Maziwa Makuu huwa na pilikapilika isiyo ya kawaida. Kijana wa nyumba hiyo amepata nafasi ya masomo Ubelgiji. Jamaa wanakusanyika, kila mmoja na mchango wake na wasia wake. Mazungumzo huwa juu ya viza, ada ya chuo, nauli ya ndege na koti la baridi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali moja dogo ambalo, mara tu kijana anapokanyaga nchi ya watu, hugeuka kuwa kubwa kupita yote: je, atazijuaje njia?

Huenda msomaji akacheka, akasema kwamba njia huulizwa, tena siku hizi kila kijana ana simu yenye ramani. Ni kweli. Hata hivyo, kujua njia si kazi ya miguu wala ya simu peke yake. Mwanafunzi asiyejua njia huchelewa darasani, akaona haya kuingia, akarudi chumbani. Asiyejua sokoni hula vibaya na kwa bei kubwa. Asiyejua ofisi ya halmashauri hujikuta karatasi zake zimeharibika. Mwishowe huzoea kukaa ndani, na chumba cha ugenini wakati wa baridi ni kifungo kisicho na askari. Wengi wanaoshindwa masomo ng'ambo hawashindwi kwa uchache wa akili; hushindwa kwa upweke ulioanza na mambo madogo kama hayo.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kueleza mji mmoja wa wanafunzi, uitwao Louvain-la-Neuve, ili aendaye huko, na wazazi wanaobaki nyumbani, wapate picha yake kabla ya safari.

MJI ULIOZALIWA NA UGOMVI

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kilianzishwa mwaka 1425 katika mji ambao Waflemi huuita Leuven na wasema Kifaransa huuita Louvain. Kwa muda mrefu masomo yalitolewa humo kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, ijapokuwa mji wenyewe umo katika upande wa Waflemi. Katika miaka ya 1960 Waflemi walidai kwamba wasema Kifaransa waondoke. Ugomvi ulizidi hata serikali ya Ubelgiji ikaanguka mwaka 1968. Iliamuliwa kwamba chuo kigawanywe viwili, na sehemu ya Kifaransa ihamie katika jimbo la Wallonia.

Mali pia iligawanywa. Sehemu kubwa ya vitabu vya maktaba iligawanywa kwa hesabu ya namba zake: vyenye namba witiri vikabaki Leuven, na vyenye namba shufwa vikahama. Lakini vihamie wapi? Mahali palipochaguliwa palikuwa ni uwanda wa Lauzelle, karibu na mji mdogo wa Ottignies, na humo hapakuwa na mji bali mashamba ya viazisukari. Chuo kilinunua ardhi ipatayo hekta 900. Jiwe la msingi likawekwa Februari 1971, na mwaka 1972 wanafunzi wa kwanza wakaanza kusoma huku mafundi wakiendelea kujenga. Jina la mji huo, Louvain-la-Neuve, maana yake ni Louvain Mpya.

Watu wa nchi zetu si wageni kabisa katika historia hiyo. Chuo cha Louvain ndicho kilicholea Chuo Kikuu cha Lovanium kilichofunguliwa mwaka 1954 mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa; na jina Lovanium ni jina la Louvain kwa Kilatini. Wapo wazee wa Kongo, Rwanda na Burundi waliosomeshwa na walimu waliotoka huko. Kijana anayekwenda leo anafuata njia iliyokwisha kukanyagwa, ila mji ni mwingine.

JINA LINALOPOTEZA WATU

Kosa la kwanza humpata mgeni hata kabla hajaufikia mji. Anashuka uwanja wa ndege wa Brussels, ulioko Zaventem, amechoka, usingizi umemjaa. Anafika dirishani na kusema anakwenda Louvain. Anapewa tikiti ya Leuven, yaani mji ule wa zamani, kwa sababu Louvain ni jina la Leuven kwa Kifaransa. Muda si mrefu yumo katika stesheni ambako matangazo yote ni ya Kiholanzi, na chuo chake kiko umbali wa kiasi cha kilomita 25 upande wa kusini.

Dawa yake ni nyepesi. Ataje jina zima, Louvain-la-Neuve, tena aliandike katika karatasi na kulionyesha. Pia akumbuke jina la Ottignies. Hiyo ndiyo stesheni kubwa iliyo jirani, katika reli itokayo Brussels kwenda Namur, na hapo ndipo tawi la reli linapochepuka kuingia Louvain-la-Neuve, safari ya dakika zipatazo kumi. Zipo treni zinazotoka Brussels moja kwa moja. Nyingine humtaka msafiri abadili Ottignies. Aliyefika Ottignies hajapotea.

Kadhalika ajue kwamba miji ya Ubelgiji ina majina mawili. Katika upande wa Waflemi, Namur huandikwa Namen, Liège huandikwa Luik, na Mons huandikwa Bergen. Katika Brussels majina yote mawili huandikwa pamoja. Mtu anayelitafuta neno Namur katika ubao wa stesheni ya Waflemi anaweza kuiacha treni yake ikaondoka mbele ya macho yake.

Lipo jambo la kutazamwa mapema zaidi, nalo ni barua ya kukubaliwa chuoni. Chuo hiki kina matawi katika miji kadhaa. Masomo ya uganga hayako Louvain-la-Neuve. Yako Woluwe, ndani ya Brussels, na huko hufikiwa kwa treni ya chini ya ardhi, kituo cha Alma. Yapo matawi mengine Mons, Tournai na Charleroi. Kijana asipange chumba kabla ya kuhakikisha tawi lake, kwa maana kodi iliyokwisha kulipwa hairudi kwa urahisi.

JUU NI WATU, CHINI NI MAGARI

Mgeni akishuka katika stesheni ya Louvain-la-Neuve hushangaa. Reli imefika mwisho wake ndani ya ardhi. Hupanda ngazi, akatokea katika uwanja wa watu wengi, ambamo hamna gari hata moja. Uwanja huo ni Place de l'Université, na yeye amesimama juu ya stesheni aliyotoka.

Walioupanga mji huu, chini ya uongozi wa Raymond Lemaire, hawakutaka uwe kambi ya chuo iliyojitenga. Walitaka mji wa kweli, wenye maduka, nyumba za familia na madarasa yaliyochanganyika, mitaa myembamba kama ya miji ya kale, na mwendo wa mtu awe ndicho kipimo cha kila kitu. Kwa hiyo waliliezeka bonde lililokuwa katikati kwa sakafu kubwa ya zege. Juu ya sakafu hiyo hupita watu. Chini yake yamo maegesho ya magari, barabara za mizigo na treni. Kuzunguka bonde, katika miinuko, iko mitaa minne mikubwa ya kukaa: Hocaille, Biéreau, Bruyères na Lauzelle. Mtu hutoka mtaani kwake kwenda katikati kwa miguu, akipita njia za watu na madaraja madogo, bila kugombana na magari.

Mpango huu ni neema kwa mwanafunzi asiye na fedha, kwa kuwa hana haja ya gari wala ya nauli ya kila siku. Lakini humchanganya mgeni kwa namna mbili. Kwanza, mahali pamoja pana sakafu mbili. Ramani ya simu itamwonyesha kuwa amefika, naye haoni mlango anaoutafuta, kwani yuko chini katika maegesho na mlango uko juu mtaani. Akiona magari yamemzunguka, na atafute ngazi. Pili, mitaa haikunyooka. Imepindapinda kwa makusudi, ikapanda na kushuka, hata mtu aliyezoea barabara kuu moja yenye maduka pande zote hupoteza upande.

Shauri letu ni kwamba ashike alama tatu kabla ya kitu kingine. Alama ya katikati ni Place de l'Université, juu ya stesheni. Upande wa magharibi iko Grand-Place, pamoja na ukumbi mkubwa uitwao Aula Magna, na chini yake ziwa. Ziwa hilo si la asili. Lilichimbwa kupokea maji ya mvua yanayotiririka kutoka mjini. Upande wa mashariki iko Place des Sciences, penye jengo la zege lililokuwa maktaba ya sayansi, na tangu mwaka 2017 ni makumbusho ya chuo. Mwenye kuzijua alama hizo tatu, na akajua chumba chake kiko upande gani wa kila moja, hawezi kupotea kwa zaidi ya robo saa.

Siku ya kwanza isiyo na masomo aitumie kutembea. Aende kutoka chumbani hadi darasani, kisha arudi kwa njia nyingine. Aende hadi sokoni, hadi kwa mganga, hadi ofisi ya chuo inayohusika na wageni. Afanye hivyo mchana, tena arudie jioni, maana mji wa usiku si ule wa mchana. Kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ni mwendo wa dakika kumi hadi ishirini tu.

Ratiba ya masomo nayo ina lugha yake. Haiandiki jina zima la jengo, bali herufi chache na namba ya chumba. MONT ni Montesquieu, penye sheria na uchumi. SOCR ni Socrate. ERAS ni Erasme, penye fasihi na historia. BARB ni Sainte-Barbe, kwa wahandisi. Mwanafunzi aandike katika daftari maana ya kila kifupisho kilichomo katika ratiba yake, na ayatembelee majengo hayo kabla ya mhadhara wa kwanza. Katika ukumbi wenye watu mamia, anayeingia amechelewa hutazamwa na wote.

TRENI, BASI NA SAA

Ubelgiji ni nchi ndogo, lakini usafiri wake umegawanyika. Treni zote ni za shirika la reli la taifa, liitwalo SNCB. Mabasi ya Wallonia ni ya TEC. Ya upande wa Waflemi ni ya De Lijn. Na katika Brussels yapo mabasi, tramu na treni za chini ya ardhi za STIB. Iko kadi moja, MOBIB, inayoweza kubeba tikiti za mashirika yote manne. Lakini kadi kuwa moja si tikiti kuwa moja. Aliyelipia treni hajalipia basi, na mkaguzi hakubali udhuru wa ugeni.

Tikiti ya treni hununuliwa kabla ya kupanda. Anayelipa ndani ya treni huongezewa. Shirika la reli lina nafuu kwa vijana walio chini ya miaka 26, na mwanafunzi aulize dirishani ipi inamfaa kulingana na safari zake. Katika basi, kadi hugusishwa kwenye mashine kila unapopanda. Tena basi halisimami kwa sababu tu umesimama kituoni. Sharti uinue mkono dereva akuone. Mabasi hayaingii katikati ya mji; yana stesheni yao pembeni.

Kuhusu saa, hapana budi tuseme wazi. Treni ya 17.42 huondoka saa kumi na moja na dakika 42 jioni, si dakika 45. Kijana aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili ajizoeze mapema kusoma hesabu ya saa 24, kwani kosa la saa sita si dogo. Vilevile saa za Ubelgiji hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa kiangazi saa ya Brussels ni sawa na ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi. Wakati wa baridi Brussels iko nyuma kwa saa moja. Kwa Dar es Salaam na Nairobi ongeza saa moja zaidi. Wazazi nao walikumbuke hilo wanapopiga simu.

Na baridi yenyewe ina athari katika mwendo wa mtu. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na saa kumi na dakika 40 jioni limekwisha kuzama. Mwanafunzi huenda darasani gizani na kurudi gizani. Yafaa kununua viatu vyenye soli isiyoteleza kabla ya koti la fahari, kwa maana mji ni wa ngazi na miteremko, na mvua ni ya mara kwa mara. Viatu hivyo ni bora kununuliwa huko huko, vinakojulikana mahitaji yake.

KUULIZA SI AIBU

Simu ni chombo kizuri, lakini ina hasara moja: anayeitegemea peke yake hazungumzi na mtu. Anayeuliza njia hupata mambo mawili, njia na mazungumzo. Katika mji ambamo maelfu ya wakazi ni vijana, na kila Septemba wengi wao ni wapya, swali la njia halimshangazi mtu. Huenda anayeulizwa naye amefika juzi kutoka mji mwingine wa Ubelgiji.

Adabu ya kuuliza ni kuanza kwa salamu. Huko, mtu akiingia dukani, akipanda basi, akifika dirishani, husema kwanza "bonjour". Asiyesalimu huhesabiwa mkavu, na hujibiwa kwa ukavu. Kwetu, tulikolelewa kwamba salamu hutangulia shida, jambo hili si geni. Linalohitajika ni kulikumbuka wakati wa haraka. Salamu yao ni fupi, na kijana asivunjike moyo akiona hawaulizi habari za nyumbani, za wazazi na za mifugo. Si dharau, ndivyo walivyozoea.

Kwa lugha, mwenye kutoka Bukavu, Kigali au Bujumbura ana faida. Wabelgiji husema "septante" kwa sabini na "nonante" kwa tisini, kama ilivyofundishwa katika shule za kwetu. Aliyejifunza Kifaransa cha Ufaransa ndiye atakayekwama namba ya basi ikitajwa.

Ziko pia nyumba za wanafunzi zinazofaa kujulikana. Chumba cha mwanafunzi huitwa "kot". Baadhi ya wanafunzi hukaa pamoja katika nyumba moja kwa masharti ya kufanya kazi ya manufaa kwa mji mzima: wengine hushughulikia walemavu, wengine chakula, wengine michezo, wengine wageni. Milango yao iko wazi, na mara nyingi huwa na jioni za chakula. Mgeni anayekwenda huko juma la kwanza hupata marafiki ambao vitabu havitampa.

JINA MLANGONI

Safari ya lazima kuliko zote ni ile ya kwenda ofisi ya halmashauri ya mji wa Ottignies-Louvain-la-Neuve. Mwanafunzi aliyeingia kwa viza ya kukaa muda mrefu anatakiwa kujiandikisha huko katika siku 8 za kazi tangu kuingia nchini. Aombe miadi mara moja, na achukue pasipoti, picha, mkataba wa chumba na hati ya kuandikishwa chuoni.

Baada ya hapo, polisi wa mtaa huja nyumbani kuhakikisha kwamba mtu huyo anakaa kweli mahali alipotaja. Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua sababu. Polisi hutazama kengele na sanduku la barua. Akikosa jina, anaweza kuandika kwamba mtu huyo hakuonekana. Na bila taarifa yake kitambulisho cha ukazi hakitolewi, na bila kitambulisho mambo mengine mengi husimama. Kwa hiyo, siku ile ile anapokabidhiwa ufunguo, kijana abandike jina lake kamili, kwa herufi zinazosomeka, penye kengele na penye sanduku la barua. Kipande kidogo cha karatasi humwokolea mwezi mzima wa wasiwasi. Tena asiogope polisi huyo akibisha hodi. Hakuja kwa ubaya. Amfungulie, amsalimu, amwonyeshe pasipoti.

IJUMAA JIONI

Sasa twafika katika jambo ambalo vitabu vya kuwakaribisha wageni hulitaja kwa ufupi mno. Ijumaa jioni, mitaa ya Louvain-la-Neuve hujaa mlio wa masanduku ya magurudumu. Wanafunzi wa Kibelgiji wanakwenda stesheni, kila mmoja na nguo zake za kufua, kurudi kwa wazazi hadi Jumapili usiku. Nchi ni ndogo, na desturi yao ni hiyo. Saa chache baadaye, mji uliokuwa ukivuma kwa vijana huwa kimya. Jirani wa chumba cha kulia hayupo, wa kushoto hayupo, jiko la pamoja ni baridi.

Kwa mgeni aliyetoka katika nyumba isiyokosa watu, ukimya huo ni mzito. Kichwani mwake huanza maswali: je, wamenikimbia? Je, mimi nina kasoro gani? Hana kasoro yoyote. Ni desturi tu ambayo hakuelezwa. Vivyo hivyo mwishoni mwa Desemba, wakati wa Krismasi, wengi hujifungia kwao kujiandaa na mitihani ya Januari, na ukimya hudumu siku nyingi.

Hapa ndipo kujua njia kunapokuwa tiba. Mwanafunzi aipange Jumamosi yake tangu Jumatano. Afanye manunuzi mapema, kwa kuwa nchini humo maduka mengi hufungwa Jumapili. Akitaka hewa, msitu wa Lauzelle uko pembeni mwa mji, nao una njia za kutembea. Akitaka ibada, atafute parokia au kanisa lake, na baada ya ibada asikimbilie mlangoni.

Na akitaka kusikia sauti za nyumbani, apande treni kwenda Brussels na kushuka stesheni ya Bruxelles-Luxembourg. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu hadi Matonge, mtaa wa Ixelles uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Huko atakuta unga wa mahindi na wa muhogo, sombe, ndizi za kupika, samaki wakavu, wasusi wa nywele, na watu wanaozungumza Kilingala, Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi barabarani. Bei ya vitu huko si ya nyumbani, wala si lazima anunue mengi. Kilo moja ya unga na saa mbili za mazungumzo humrudisha Louvain-la-Neuve akiwa mtu mwingine. Ila atazame kwanza saa ya treni ya mwisho, kwani siku za mwisho wa juma treni ni chache kuliko siku za kazi.

Wapo wanaofanya kinyume, wakaishi Matonge kila siku na kulisahau darasa. Hatuwasifu. Njia njema ni ile inayokwenda na kurudi.

NENO KWA WAZAZI

Mzazi aliye mbali hawezi kumshika mwanawe mkono avuke barabara. Hata hivyo anayo kazi, nayo ni kuuliza maswali yanayofaa. Wengi wetu, simu inapoita, huuliza: umekula? Unasoma? Baridi ikoje? Kijana naye hujibu: nimekula, nasoma, baridi ipo. Mazungumzo yamekwisha, na hakuna kilichojulikana.

Jaribu kuuliza hivi: juma hili umekwenda wapi ambako hukuwahi kwenda? Umepita njia gani? Ulikutana na nani? Jumamosi ulikuwa wapi? Majibu ya maswali hayo hayafichiki. Kijana anayesema amezunguka ziwa na mwenzake wa darasani, au amekwenda sokoni Brussels na binti wa Goma waliyekutana kanisani, yu mzima hata kama alama zake bado ni za wastani. Kijana ambaye majuma matatu mfululizo hakwenda popote, huyo anahitaji msaada, hata akisema kwamba hajambo. Mwambie aende ofisi ya chuo inayosaidia wanafunzi, ambako wapo watu walioajiriwa kuwasikiliza. Na kama una jamaa Ubelgiji, mwombe amtembelee, asingoje kuombwa mara ya pili.

Nawe kijana unayejiandaa, usione haya kuonekana mgeni. Mji wenyewe ni mgeni: miaka sitini iliyopita mahali pale palikuwa shamba. Kila unayemwona akitembea kwa uhakika alijifunza njia zile kwa kuuliza, kwa kukosea ngazi na kwa kurudi nyuma. Wahenga walisema asiyeuliza hana ajifunzalo. Tembea, salimu, uliza, na juma linalofuata tembea tena. Siku utakapomwelekeza mgeni mwingine mlango wa Montesquieu bila kutazama simu, utajua kwamba umefika.